Ankara ya video haikubaliani na hesabu yako: pa kuanzia kutafuta

Ulipanga enkoda (programu inayobana video) kwenye 3 Mbps, yaani megabiti 3 kwa sekunde, ukapiga hesabu ya mwezi, ukampelekea mhasibu makadirio. Ankara ya mtandao wa usambazaji (CDN, seva zinazowafikishia watazamaji video yako) imekuja, inakaribia mara mbili. Au imekuja pungufu kabisa, na badala ya kushtuka unashangilia. Yote mawili ni hitilafu, na yote hutafutwa kwa njia moja.

Wengi wetu, mimi nikiwemo siku za mwanzo, tukiona ankara nene tunakimbilia enkoda na kushusha kasi ya biti. Lakini enkoda haimtumii mtazamaji kitu. Kazi yake ni kutengeneza vidato vya ngazi, yaani nakala za video ileile zenye kasi na ubora tofauti: kimoja cha 1080p, kingine cha 720p, kingine cha 360p. Pleya (programu inayocheza video) iliyo mkononi mwa mtazamaji ndiyo inayoamua ipande kidato gani, ipakue kiasi gani mbele ya pale anapotazama, na itupe kiasi gani akiondoka. Namba uliyoandika kwenye enkoda ni nia yako tu. Unayolipia ni nyingine, na hupaswi kugusa chochote kabla ya kuijua.

Namba moja kabla ya dalili zote

Video ya 1 Mbps ikichezwa saa nzima hupitisha megabiti 3,600. Gawanya kwa 8 upate megabaiti 450, yaani 0.45 GB. Ikariri hiyo 0.45, maana karibu kila kitu kinachofuata kimejengwa juu yake:

Mbps × saa zilizotazamwa × 0.45 = GB

Hivyo 3 Mbps ni GB 1.35 kwa saa, na 5 Mbps ni GB 2.25. Hesabu hii kila mtu anaijua. Kinachosahaulika ni kuigeuza:

GB za ankara ÷ saa zilizotazamwa ÷ 0.45 = kasi halisi kwa Mbps

Tuseme una saa 12,000 za kutazamwa kwa mwezi. Kwa 3 Mbps ulitegemea GB 16,200. Ankara inasema 28,000. Gawanya kwa 12,000, kisha kwa 0.45: unapata karibu 5.2 Mbps. Sasa angalia kidato cha juu kabisa cha ngazi yako. Kama ni 4.5 Mbps, hapo umeshapata jibu kubwa bila kufungua logi (kumbukumbu za seva) hata moja: haiwezekani mtu atazame video ya 4.5 akatumia 5.2. Kuna data inatoka ambayo hakuna aliyeitazama.

Kwa hiyo mgawanyo wa kwanza ni huu. Kasi halisi ikizidi kidato cha juu, tafuta upotevu. Ikiwa ndani ya ngazi lakini juu ya makadirio yako, tatizo ni namna watazamaji walivyogawanyika kwenye vidato. Ikiwa chini kuliko ulivyotarajia, kuna mtu anateseka na hujamjua bado.

Tahadhari moja kuhusu saa. Zichukue kwenye sekunde ambazo pleya imeripoti kuwa zimechezwa. Ukizidisha idadi ya waliobonyeza kwa urefu wa video utapata saa za kufikirika, kwa sababu wengi huondoka mapema, na kasi halisi itaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Dalili: tofauti ni mara nane kamili, au ni 7%, au ni 10%

Hizi ni za haraka. Mara nane ni biti na baiti zimechanganywa; Mb na MB zinatofautiana herufi moja tu na zimeshawaumbua watu wazima mbele ya mabosi wao. Asilimia 7 ni tofauti ya gigabaiti inayohesabiwa kwa 1,000 na ile inayohesabiwa kwa 1,024, ambayo ni baiti 1,073,741,824. Kwenye terabaiti tofauti hiyo inakuwa karibu 10%. Soma mkataba uone mtoa huduma anahesabu ipi, rekebisha jedwali lako, endelea.

Na ukiwa hapo, acha kuvisingizia vichwa vya pakiti, yaani maelezo ya njia yanayobandikwa kwenye kila kifurushi cha data. Kwenye pakiti ya baiti 1,500, vichwa vya IP na TCP kwa kawaida hula baiti 40, chini ya 3%. Haviwezi kukuletea ongezeko la 70%.

Dalili: kasi halisi imezidi kidato cha juu

Hapa ndipo fedha nyingi huvujia, na ndipo pa kukaa muda mrefu.

Mshukiwa wa kwanza ni bafa. Pleya haisubiri, hupakua vipande vya mbele ili mtandao ukiyumba picha isigande. Mtazamaji akifunga ukurasa, vipande vyote ambavyo havijachezwa hutupwa, nawe umeshavilipia.

Chukua hls.js, maktaba ya kuchezea video inayotumika kwenye tovuti nyingi. Mipangilio yake ya awali ina maxBufferLength ya sekunde 30, na watu wengi huishia kuisoma hiyo wakaridhika. Lakini sekunde 30 ni kima cha chini inachojitahidi kufikia. Pembeni kuna maxBufferSize ya MB 60, na pleya iko tayari kuijaza hiyo ilimradi isivuke sekunde 600. Piga hesabu: MB 60 ni megabiti 480. Kwenye kidato cha 4.5 Mbps hiyo ni karibu sekunde 107 za mbele. Kwenye kidato cha 0.8 Mbps ni dakika kumi kamili.

Sasa mchukue mtazamaji mwenye mtandao mzuri aliyefungua somo la dakika 40, akatazama dakika 2, akaona si analolitaka, akaondoka. Alichotazama ni MB 67.5. Alichoacha kwenye bafa ni karibu MB 60. Umelipia karibu maradufu kwa mtu ambaye hata hakubaki. Mwenzake aliyekaa mpaka mwisho hakupoteza chochote, kwani video ikiisha hakuna cha mbele cha kupakua. Ndiyo maana upotevu huu hauonekani ukijijaribia mwenyewe kwa kutazama video nzima, lakini huonekana kwenye tovuti ambako watu wanaonja onja.

Jinsi ya kuthibitisha: fungua zana za msanidi kwenye kivinjari, upande wa mtandao, anza video, kisha ibonyeze isimame kwenye sekunde ya 10. Tazama vipande vinavyoendelea kushuka. Hesabu vimefika vingapi kabla havijatulia, zidisha kwa urefu wa kipande. Hiyo ndiyo hasara yako ya juu kwa kila anayeondoka mapema.

Dawa si kubana bafa mpaka sekunde 5. Ukifanya hivyo, mwenye mtandao wa kusuasua ataona picha ikiganda kila dakika, naye ndiye alikuwa anaihitaji bafa kuliko wote. Ninachopendelea ni kuanza na bafa ndogo, sekunde 15 hadi 20, na kuiongeza mtazamaji akishamaliza dakika moja. Aliyevuka dakika ya kwanza ana dalili za kubaki.

Mshukiwa wa pili ni video ambazo hukuzihesabu kuwa ni video. Niliwahi kuhangaika siku mbili na ngazi, kumbe mchawi alikuwa klipu ya mapambo kwenye ukurasa wa mbele: sekunde 20, haina sauti, inajirudia yenyewe nyuma ya maandishi. Mtu wa picha aliipakia moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kuhariri, MB 40. Hiyo ni 16 Mbps! Ukurasa ukifunguliwa mara 50,000, GB 2,000 zimeondoka, na hakuna saa hata moja iliyoandikwa kuwa imetazamwa, kwa sababu klipu haikupita kwenye pleya inayoripoti. Panga logi kwa ukubwa wa baiti zilizotoka kwa kila faili, si kwa idadi ya maombi, na wahalifu wa aina hii wataibuka wenyewe mistari ya juu.

Ukishapanga hivyo, tazama pia maombi yanatoka kwenye kurasa zipi. Tovuti ya watu wengine ikiwa imebandika kiungo cha video yako, wao wanapata watazamaji na wewe unapata ankara. Saini ya muda kwenye viungo (alama ya siri inayokwisha baada ya muda) humaliza hilo, ila isome pamoja na dalili ya kache (nakala za faili zinazohifadhiwa na mtandao wa usambazaji) hapo chini, kwani saini ikiwekwa vibaya huzaa tatizo jingine.

Dalili: kasi halisi iko ndani ya ngazi, lakini juu ya makadirio

Ulichukua katikati ya ngazi ukaiita wastani. Watazamaji hawakukaa katikati.

Toa kwenye takwimu za pleya mgawanyo wa saa kwa kila kidato. Tuseme ni 55% kwenye 4.5 Mbps, 30% kwenye 2.2 na 15% kwenye 0.8. Wastani wenye uzito ni 2.475 + 0.66 + 0.12, karibu 3.26 Mbps. Ona kidato cha juu: kina zaidi kidogo ya nusu ya saa, lakini kinabeba 76% ya data. Kidato cha chini kinabeba chini ya 4%. Kila nikiona mtu anafuta kidato cha chini "kupunguza gharama" nasikitika. Amefukuza watu ili aokoe makombo. Kishushe kile cha juu kutoka 4.5 hadi 3.6, na wastani unaanguka hadi 2.76. Ni punguzo la 15% kwa mguso mmoja.

Makampuni makubwa hufanya hivyohivyo yakibanwa. Mwezi Machi 2020, watu wengi wakiwa wamefungiwa majumbani, Netflix ilitangaza kushusha kasi ya biti barani Ulaya kwa siku 30, ikakadiria kupunguza mzigo wake kwenye mitandao kwa takriban 25%. Haikuondoa vidato vya chini.

Swali linalofuata ni kama kidato cha juu kinashushika bila picha kuharibika. Inategemea kilichomo. Slaidi na mtu anayeongea hazihitaji kasi ya mechi ya mpira, na kuzilisha kasi ileile ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Netflix walieleza hadharani mwaka 2015 jinsi walivyoacha ngazi moja kwa video zote na kuanza kuchonga ngazi kwa kila filamu. Wewe huhitaji mitambo yao. Badala ya kuiamuru enkoda itumie 3 Mbps wakati wote, ipe kiwango cha ubora pamoja na dari, hapa kwa ffmpeg, enkoda ya mstari wa amri:

ffmpeg -i somo.mp4 -c:v libx264 -crf 23 -maxrate 3000k -bufsize 6000k -c:a aac -b:a 128k somo_720.mp4

Hapo crf 23 inalinda ubora, maxrate inazuia vilele. Kisha pima kilichotoka kweli:

ffprobe -v error -show_entries format=bit_rate,duration -of default=nw=1 somo_720.mp4

Somo la slaidi linaweza kushuka chini ya 1 Mbps kwa urahisi, wakati mechi itagonga dari muda wote. Makadirio yako ya gharama yatumie namba ya ffprobe, si ile ya maxrate.

Ukiwa na orodha ya HLS (mfumo wa kusambaza video kwa vipande, ambao orodha yake hutaja vidato vyote), tofauti hiyohiyo iko mbele ya macho:

#EXT-X-STREAM-INF:BANDWIDTH=4800000,AVERAGE-BANDWIDTH=3100000,RESOLUTION=1280x720

BANDWIDTH ni kilele. Pleya huitumia kuamua kama mtandao unamudu. AVERAGE-BANDWIDTH ni wastani. Hiyo ndiyo ya mhasibu. Aliyekadiria kwa ya kwanza amezidisha gharama kwa zaidi ya nusu. Na usisahau sauti: 128 kbps si kitu kwenye kidato cha 4.5 Mbps, lakini kwenye kidato cha picha cha 300 kbps ni ongezeko la 43%.

Kuna chanzo kimoja ambacho ni cha bure kukirekebisha. Pleya ikiwa kwenye kisanduku chenye upana wa pikseli 400, na mtandao ukiwa mzuri, bado itavuta 1080p, kwa sababu inaangalia mtandao tu. Kwenye hls.js mpangilio wa capLevelToPlayerSize huja ukiwa umezimwa. Uwashe.

Kuhusu kubadili kodeki (mbinu ya kubana video): H.264 ni ya mwaka 2003, HEVC ya 2013, AV1 ya 2018, na kila iliyofuata hubana zaidi. Ila zidisha asilimia ya akiba kwa asilimia ya saa kabla ya kuota. Kama AV1 inakupunguzia 30% na saa zinazotazamwa kwenye vifaa vinavyoimudu ni 40%, akiba ni 12% tu, na bado utahifadhi nakala za H.264 kwa waliobaki na kulipia usimbaji mara mbili. Kwa maktaba kubwa ambayo video nyingi hazitazamwi, hesabu inaweza kugeuka hasara. Anza na zile chache zinazovuta umati.

Dalili: GB ni zilezile, lakini ankara imeruka

Angalia kama mkataba unatoza kwa jumla ya GB au kwa kilele. Wanaotoza kwa kilele mara nyingi hutumia asilimia ya 95: kasi hupimwa kila dakika 5, kwa mwezi wa siku 30 ni vipimo 8,640. Hupangwa kutoka kikubwa kwenda kidogo, 5% ya juu hutupwa, na unatozwa kwa kinachofuata. Vilivyotupwa ni vipimo 432, sawa na saa 36.

Saa hizo 36 ndizo za kucheza nazo. Watazamaji 3,000 kwa pamoja kwenye wastani wa 3.3 Mbps ni karibu 9.9 Gbps. Matangazo ya moja kwa moja ya saa 2 mara moja kwa wiki ni saa 8 au 10 kwa mwezi, yanamezwa ndani ya 36, hayaonekani kwenye ankara. Yafanye kila siku: saa 60. Umezivuka, na sasa unalipia 9.9 Gbps kana kwamba umeitumia mwezi mzima. Ikiwa huwezi kupunguza siku, hapa kushusha kidato cha juu kunalipa moja kwa moja, lakini tu kwa matangazo yale ya saa za msongamano. Video za usiku wa manane ziache na ubora wake, hazigusi kilele.

Dalili: gharama imeshuka, malalamiko yamepanda

Kuvuja kwa pakacha, nafuu kwa mchukuzi. Ankara ni nyepesi kwa sababu watu wanateremka vidato au wanaondoka.

Kwanza tazama nafasi kati ya vidato. Ngazi yenye 4.5 kisha 0.8 inamwacha mwenye mtandao wa 3 Mbps aone picha ya ukungu huku sehemu kubwa ya uwezo wake ikilala bure. Miongozo ya Apple kwa HLS inashauri kidato kimoja kiwe mara 1.5 hadi 2 ya kilicho chini yake. Ongeza 1.4 na 2.4 hapo katikati na gharama itapanda kidogo; ndiyo bei ya watu kubaki.

Pili, kwa matangazo ya moja kwa moja, angalia upande wa kupakia kabla ya kuwalaumu watazamaji. Laini inayopakia 6 Mbps haibebi mkondo wa 6 Mbps. Acha angalau theluthi ya nafasi. Enkoda ikiripoti fremu zilizoangushwa, tatizo liko kwako, na hakuna ngazi itakayolitibu, kwa kuwa vidato vyote vinatengenezwa kutokana na picha iliyokwishaharibika.

Dalili: mtandao wa usambazaji uko sawa, seva mama ndiyo inayolia

Hii ni kache. Seva mama ndiyo yenye faili asili, na mtandao wa usambazaji huirudia pale tu kache inapokosa faili. Data ya GB 28,000 ikijibiwa na kache kwa 95%, seva mama hutoa GB 1,400. Ikishuka hadi 85%, hutoa GB 4,200. Pointi kumi tu, na mzigo umekuwa mara tatu.

Chanzo cha kwanza cha kukagua ni ile saini niliyoitaja. Kama imewekwa kwenye anwani ya kila kipande na ni tofauti kwa kila mtazamaji, kache huona faili mpya kila mara na kumrudia seva mama kila mara. Ielekeze kache ikague saini lakini isiitie kwenye ufunguo wake, yaani jina inalotumia kutambua faili. Chanzo cha pili ni vidato vingi kupita kiasi: watazamaji 40 wakitawanyika kwenye vidato 9, kila kidato kina wachache, na kila mmoja anajikuta ndiye wa kwanza.

Na kama mtoa huduma anatoza pia kwa idadi ya maombi, tazama urefu wa vipande. Vipande vya sekunde 2 ni maombi 1,800 kwa saa. Vya sekunde 6 ni 600. Kwa zile saa 12,000 ni maombi milioni 21.6 dhidi ya milioni 7.2, na sauti ikitengwa na picha, zidisha mara mbili. Vifupi vina maana kwenye matangazo ya moja kwa moja ambako kila sekunde ya kuchelewa inaonekana. Kwa somo lililorekodiwa mwaka jana sijawahi kuona sababu ya kwenda chini ya 6.

Chochote utakachobadilisha, kibadilishe kimoja kimoja, kwa sehemu ya watazamaji, na kiache kipite wiki nzima yenye siku za kazi na za mapumziko. Kisha rudia lile gawanyo la mwanzo kwa kundi lililobadilishwa na lile ambalo halikuguswa. Ukigusa bafa na ngazi siku moja, 5.2 inaweza kuwa 3.4 na usijue ni lipi kati ya hayo mawili la kumrudishia mtazamaji siku akilalamika.